Kofia ya Fuadi, Kura ya Rukia

Mkono wa Rukia ulikuwa umeinuka nusu. Haujafika juu, wala haujarudi chini.

Ndivyo tulivyomwacha wiki iliyopita, katikati ya ukumbi wa Baraza la Mji wa Kismayo, kura zikiwa zimefungana na wajumbe wote wakimkodolea macho yeye peke yake. Na ndivyo alivyobaki, kwa sababu macho yake mwenyewe yalikuwa yamenasa kwenye mkoba wa Sumeya.

Mkoba ulikuwa wazi. Ndani yake, kati ya michoro na chupa ya maji, ilichungulia kofia nyeupe ya kushona kwa mkono.

Rukia aliijua kofia ile. Aliishona yeye, tundu kwa tundu, muda wote wa uchumba wake, akijichoma sindano na kuficha vidole ili dada zake wasimcheke. Ukingoni alitia maua madogo ambayo hakuna mwanamke mwingine pwani hii anayeyashona, maana aliyabuni mwenyewe. Kofia ile ilikuwa na mahali pamoja tu pa kukaa duniani: kichwani kwa Fuadi, mume wake.

"Abaayo Rukia," Mwenyekiti Abdisalam alisema, akimwita dada kwa Kisomali kama ilivyo desturi yake. "Mkono huo unapanda au unashuka? Tukuletee kamba tuuvute?"

Watu wakacheka. Sumeya naye akatabasamu.

Tabasamu hilo ndilo lililoharibu mambo.

Kwa aliyejiunga nasi leo, jambo lenyewe lilikuwa hivi. Barabara ya lami na bomba la maji safi vilikuwa vinaletwa katika mtaa wa Wabajuni, kando ya bahari. Njia zilizopendekezwa zilikuwa mbili. Ya kwanza, aliyoitaka mjumbe Badi, ilinyooka ufukweni ikipita mbele ya hoteli yake mpya, kisha mbele ya banda la Fuadi la kuundia mashua, na ubavuni mwake ungechimbwa mtaro mpana wa maji ya mvua. Ya pili, aliyoichora mhandisi Sumeya, ilikata kona nyuma ya msikiti na kuuacha mchanga wazi kutoka bandani hadi baharini.

Rukia ndiye mjumbe wa mtaa huo. Alikuwa amemwahidi kila mtu kwamba ataunga mkono njia ya msikiti.

Lakini njia ya msikiti ilikuwa njia ya Sumeya. Na Sumeya, kabla hajaenda kusomea uhandisi, aliwahi kuposwa na Fuadi, enzi zile familia zao zilipokuwa wakimbizi Mombasa. Posa ikavunjika, kila mmoja akashika lake. Sasa Sumeya alikuwa amerudi na miwani yake na sauti yake laini, na kwa wiki nyingi Rukia alikuwa akila chakula cha usiku huku mumewe akisema Sumeya kapima hivi, Sumeya kashauri vile.

"Wanaotaka njia ya ufukweni," Mwenyekiti alirudia.

Mkono wa Rukia ukapanda hadi juu.

Ukumbi ukavuma kama mzinga uliopigwa jiwe. Badi aliruka kutoka kitini, akasahau kwamba ameshika kikombe, chai ikamwagikia suruali.

"Mashallah! Mashallah, dada yangu! Njoo hotelini na mzee wako. Samaki juu yangu!"

"Njia ya ufukweni imepita kwa kura moja," alitangaza Mwenyekiti. "Katapila litaanza kuchimba kesho alasiri, inshallah."

Sumeya alikunja mchoro wake taratibu, akautia mkobani, akaubana mkoba kwapani. Rukia alimfuata hadi mlangoni.

"Umebeba mengi humo ndani," alimwambia.

"Ni vitu vya kazi."

"Vya kazi ya nani?"

Sumeya alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya mtandio, akaivaa tena. "Rukia, kama una neno na mimi, niambie mimi. Mbona hasira umelishushia banda?"

"Sijui unasema nini."

"Utajua. Muulize Fuadi."

Alilitamka hivyo tu, Fuadi. Bila fundi, bila bwana, bila mumeo. Kama mtu anayetaja kitu kilicho kabatini mwake. Rukia alihisi masikio yanawaka, na alitembea njia nzima ya kwenda bandani akilirudia jina hilo kwa sauti ya Sumeya.

*

Fuadi alikuwa juu ya mashua, amekaa kwenye ubao wa ukingo, kichwa wazi. Chini yake Khamis, msaidizi wake, alikuwa akipachika pamba kati ya mbao. Alipomwona Rukia anavyokuja, nyundo ikasita hewani. Pembeni kivulini, Bimkubwa, mama yake Fuadi, alikuwa amekaa juu ya gogo na sinia la kaimati, akiwalisha mafundi kama kawaida yake.

"Kofia yako iko wapi?" Rukia aliuliza kabla hata hajasimama.

"Waalaikum salaam," Fuadi akajibu.

Khamis alicheka, kisha akakohoa ili ionekane hakucheka.

"Nimeuliza kofia."

"Imepotea. Niliivua juzi nikaiweka hapa mbele, nilipogeuka haipo. Nadhani upepo."

"Upepo huo unavaa miwani?"

Fuadi hakuelewa, au alijifanya haelewi. Rukia hakuweza kupambanua, na hilo lilimuuma zaidi. Mumewe alishuka kwa ngazi, akajipangusa mikono, akamtazama.

"Nimesikia kura imekwenda kwa Badi. Nimesikia mkono wa mwisho ulikuwa wako. Nikasema, hao ni wazushi."

"Ulikuwa wangu."

Bimkubwa aliacha kutafuna.

"Badi ameahidi daraja," Rukia aliharakisha kusema. "Daraja la zege juu ya mtaro, hapa hapa mbele yenu. Lori litapita. Mashua yako ni pana kuliko lori?"

"Si pana kuliko lori."

"Basi tatizo ni nini?"

"Na wachu?" aliuliza Bimkubwa.

Mama huyu alikaa Mombasa miaka mingi kama wakimbizi wengine, akarudi na Kibajuni chake kizima kizima, hakikumegwa hata upande.

"Watu gani, mama?"

"Wachu, mwanangu! Mchu wa kushoto, mchu wa kulia. Mashua itakwenda baharini peke yake, imekuwa bata? Hao wa kuishika watapita wapi? Chini ya mtaro, na vyura?"

Rukia aligeuka akautazama mchanga.

Aliona mbele yake siku waliyoshua majini mashua ya kwanza ya Fuadi, mwaka wa ndoa yao. Mtaa mzima ulishuka ufukweni. Wanaume walijipanga mbavu mbili za chombo, bega kwa ubao, kamba mikononi, maana mashua ikiwa nchi kavu husimama juu ya mkuku, ule uti wake mwembamba wa chini; mkiiachia inalala ubavu na mbao zinapasuka. Wanawake walikuwa nyuma na vigelegele na masinia ya wali. Yeye mwenyewe, bi harusi, alisahau haya, akalitupa sinia, akaenda kushika kamba, na wakwe wakamcheka mwezi mzima.

Daraja la lori. Lenye kingo za zege kulia na kushoto.

Katika baraza zima walipima mashua, wakapima lori, hawakuwapima watu. Na yeye, aliyeitia bega mashua ile, alikaa kwenye kiti cha mtaa wake akiwaza kofia.

"Sumeya aliliona hilo siku ya kwanza," Fuadi alisema kwa upole. "Ndiyo maana akaja hapa mara kwa mara kupima. Babu yake alikuwa fundi wa vyombo kisiwani Koyama. Amekua anasikia habari hizi."

Kila neno lilikuwa la kweli, na kila neno lilimchoma. Hata kuijua bahari, Rukia aliwaza, hata hapo amenitangulia.

"Sasa utafanyaje?" aliuliza.

"Mashua hii ni ya vijana wa Koyama. Nimewapa neno langu kwamba maji ya bamvua hii yakijaa itaelea. Kama haitoki hapa, nitaifungua ubao kwa ubao, niihamishie Ras Kamboni niijenge huko. Huko hakuna aliyeufunga ufukwe."

"Na baada ya hiyo mashua?"

"Baada ya hiyo, nyingine. Fundi anakaa chombo kinapotokea, Rukia. Wewe una baraza lako. Sitakulazimisha."

Sitakulazimisha! Rukia alitamani apigiwe kelele. Alitamani Fuadi avunje kitu. Badala yake mumewe alipanda ngazi tena, kichwa wazi chini ya jua.

Ras Kamboni. Kutoka hapo mashua zinavuka kwenda Kiunga. Kutoka Kiunga kuna njia ya Lamu, na kutoka Lamu kuna njia ya Mombasa, anakoishi Sumeya asipokuwa na kazi hapa. Rukia aliifuata njia hiyo akilini, bandari kwa bandari, na mwisho wake alimwona mwanamke mwenye miwani amesimama gatini, amevaa mtandio mzuri.

Kwa mkono wake mwenyewe alikuwa amemfungulia mumewe barabara ya kwenda kwa Sumeya.

*

Asubuhi alimkuta Mwenyekiti Abdisalam ofisini, anachovya mkate katika chai ya maziwa.

"Nataka kura ya jana irudiwe."

"Haye," alisema Mwenyekiti, na mkate ukamkatikia ndani ya kikombe. "Umeona? Umeniletea msiba mapema." Aliuvua mkate kwa kijiko, akaula. "Sumeya jana aliniomba hilo hilo. Nilimkatalia. Na wale watano walioshindwa wakiomba, nitawakatalia."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu ndiyo kanuni. Aliyeshindwa haombi, angekuwa anaomba kila siku, tusingelala. Uamuzi unafunguliwa na mtu aliyekuwa upande wa ushindi, basi. Na lazima afanye hivyo kabla katapila halijagusa ardhi." Alimtazama kwa jicho moja. "Walioshinda walikuwa sita. Watano ni Badi na marafiki zake. Wa sita ni wewe."

"Basi ninaomba."

"Subiri. Anayeomba husimama mbele ya watu aseme sababu. Sababu ya kweli, abaayo. Nitakuuliza, na Badi atakuuliza zaidi yangu."

"Tuitane lini?"

"Sasa hivi. Kama ni kuumwa, tuumwe kabla ya adhuhuri."

Wakati wajumbe wanaitwa kwa simu, Rukia alitoka ofisini kupata hewa. Kwenye ujia wa nyuma alimkuta Sumeya amesimama peke yake, sanduku kubwa miguuni.

Moyo wake uliruka kwa furaha, na furaha hiyo ikamtia aibu.

"Unaondoka?"

"Kuna ndege adhuhuri. Nimekuja kurudisha funguo za ofisi."

Rukia alijikaza. Alikuwa ameyapanga maneno haya tangu alfajiri, akiyaangusha na kuyaokota. "Sumeya, nimekuja kuomba kura irudiwe. Na wewe nataka unisamehe. Nilikudhania vibaya. Niliona kofia mkobani mwako, nikatunga hadithi nzima. Bila shaka uliiokota mchangani, ukasahau kuirudisha."

Sumeya alifungua mkoba, akaitoa kofia, akaiweka mikononi mwa Rukia kama mtu anayekabidhi yai.

"Usiniombe msamaha," alisema.

"Uliiokota. Sema tu uliiokota, nitaamini."

"Sikuiokota. Niliichukua."

Nje, mbali, ngurumo ya katapila ilisikika ikishuka njia ya pwani.

"Alikuwa amenipa mgongo, anabishana na Khamis juu ya msumari," Sumeya aliendelea, sauti yake laini sasa imekwaruza. "Ilikuwa pale, karibu na mkono wangu. Yeye hajui. Wallahi hajui lolote. Hunitazama kama anavyotazama rula. Nilitaka kitu kimoja tu cha kuondoka nacho."

Rukia alitaka kumpiga. Pia, na hili hakulitegemea hata kidogo, alitaka kumshika mkono. Alibaki amesimama anaikanda kofia.

"Unampenda."

"Nilidhani yamekwisha. Nilirudi kwa ajili ya barabara. Mimi nimekulia kambini, Rukia, kwenye foleni ya maji. Nilitaka siku moja mama mmoja wa mtaa wetu afungue bomba mlangoni kwake, na mimi ndiye niliyelifikisha. Ni hilo tu. Halafu siku ya kwanza nikaingia bandani kupima, na yeye akageuka."

"Nyamaza."

"Nitanyamaza. Lakini kwanza sikiliza jambo moja, halafu ufanye utakalo." Sumeya alifuta macho chini ya miwani. "Mkataba wangu ni wa kusimamia njia niliyoichora mimi. Njia ya Badi itasimamiwa na mtu mwingine. Ukirudi humo ndani ukanyamaza, mimi naondoka adhuhuri na hutaniona tena. Ukisema, nitakuwa hapa mpaka lami ya mwisho. Karibu mwaka mzima, kila siku, mita chache kutoka banda la mumeo."

"Unanitega?"

"Nakuambia kabla hujainua mkono. Jana uliinua bila kuambiwa."

"Abaayo Rukia!" Mwenyekiti aliita kutoka ndani. "Watu wamekaa!"

*

Ukumbi ulikuwa umejaa hadi madirishani. Habari ilikuwa imekwishashuka hadi ufukweni na kurudi. Katika viti vya wananchi Rukia alimwona Bimkubwa, amevaa buibui la sikukuu, na kando yake Fuadi, kichwa wazi bado, vumbi la mbao kwenye ndevu. Sumeya alisimama karibu na mlango, mkono juu ya sanduku.

Rukia aliificha kofia ndani ya mkono wa buibui lake, akasimama.

Kunyamaza kungekuwa rahisi namna gani! Kuketi tu, kusema tumbo linamuuma. Adhuhuri ndege ingepaa, na mwanamke yule angekuwa nukta angani. Mume angehamia Ras Kamboni, lakini mume akihama anaweza kufuatwa. Banda je? Na ile kamba aliyoishika akiwa bi harusi?

"Naomba uamuzi wa jana ufunguliwe," alisema.

"Wanawake, jamani!" Badi alirusha mikono. "Jana ndiyo, leo siyo! Kesho tuchimbe wapi, angani?"

"Badi," alisema mjumbe Fardowsa bila kuinua macho kwenye simu yake, "hoteli yako imebadilishwa rangi mara ngapi, na sisi tulinyamaza? Ninamuunga mkono."

Mwenyekiti aligonga meza. "Imeungwa mkono. Sababu?"

Rukia alitazama meza ile, meza nzito ya mbao, kisha akatazama mlango wa ukumbi.

"Mwenyekiti, naomba meza hii itolewe nje. Mjumbe Badi ashike ubavu wa kulia na wenzake wawili. Watatu wengine washike kushoto. Sharti ni moja: asiiachie mtu hata kidogo, maana ikiachiwa inaanguka."

"Ni mchezo gani huu?"

"Ni mchezo wa mtaa wetu. Unaogopa?"

Badi haogopi kitu mbele ya watu. Alikunja mikono ya shati, akashika. Wenzake wakashika. Meza ikainuka, ikaenda, ikaingia mlangoni vizuri kabisa.

Wao hawakuingia. Badi alikwama kati ya meza na mwimo wa mlango, tumbo upande huu, tako upande ule.

"Msiiachie!" Rukia alipiga kelele.

"Nitapitia wapi?" Badi alilia.

"Ndilo swali la mama mkwe wangu. Hiyo ni mashua. Mlango huo ni daraja lako. Chombo kimepita. Wachu wamebaki."

Ukumbi ulipasuka kwa kicheko. Bimkubwa alipiga kigelegele kimoja kirefu, mpaka askari wa mlangoni akavua kofia.

"Nitalipanua daraja!" Badi alisema, baada ya kutolewa kinyumenyume.

"Ukilipanua hadi mtaa mzima utoshe, utakuwa umeufunika mtaro wote. Maji ya mvua yatapita hotelini kwako?"

Lakini Badi si mtu wa kuzama peke yake, akanyoosha kidole.

"Haya! Wewe umezaliwa mtaa ule. Utaniambia jana ulikuwa huyajui haya? Mbona uliinua mkono?"

Kicheko kikakatika. Mwenyekiti aliinamisha kichwa, kama kusema, nilikuambia.

Rukia alimtazama Fuadi. Fuadi alikuwa anamtazama yeye, macho yamejaa subira ile ile iliyomkasirisha jana.

"Nilikuwa ninayajua," alisema. "Jana nilipiga kura kwa wivu."

Madirishani watu walisukumana.

"Wivu wa nini?" aliuliza Badi, uso umeng'aa.

"Wivu wa mke. Mengine hayalihusu baraza. Nilichanganya nyumba yangu na mtaa wangu, na mtaa haukunikosea kitu. Naomba radhi kwa kila atakayeshika kamba."

Mwenyekiti Abdisalam alisafisha koo mara mbili. "Iandikwe kwamba mjumbe alikuwa na sababu ya nyumbani. Tusonge mbele. Wanaotaka njia ya msikiti."

Mkono wa Rukia ulipanda, na safari hii haukusita katikati. Alipougeuza uso akaona mkono mwingine, na mwingine, na hata rafiki mmoja wa Badi aliyekuwa ameshika meza upande wa kushoto, anasugua kiwiko kilichochubuka mlangoni.

"Imepita! Mwambieni wa katapila ageuze."

Watu wakakumbatiana. Mama mmoja alimbusu Rukia mashavu yote mawili, akamwambia maji yatakayofika kwake atayaita Rukia. Rukia alicheka. Alikuwa ameshinda. Na aliyemshinda alikuwa yeye mwenyewe, kwa hiyo hakujua kama afurahi.

"Mhandisi!" Mwenyekiti aliita. "Ndege ikuache. Rudisha sanduku hotelini."

"Hotelini kwangu?" Badi akadakia. "Pole sana. Kuanzia leo vyumba vyote vimejaa."

"Vimejaa nani, na hoteli haijatiwa milango yote?"

"Vimejaa."

Mwenyekiti alikuna kidevu. "Baraza halina nyumba ya mgeni. Na mkataba unataka msimamizi akae karibu na kazi."

Hapo ndipo Bimkubwa aliposimama.

Rukia alimwona akisimama. Aliona buibui la sikukuu likinyooka, mkono ukipanda, na alijua neno litakalotoka kabla halijatoka. Alitaka kulizuia, lakini mkwe hazibwi mdomo mbele ya watu.

"Mtoto wa Koyama akose pa kulala Kismayo, na mimi ningali hai?" Bimkubwa alisema. "Kwetu kuna chumba cha juu, kitupu, kina dirisha la baharini. Atakula tunachokula. Aliyetetea banda la mwanangu si mgeni, ni wa nyumbani. Fuadi! Chukua sanduku la Sumeya."

Watu walipiga makofi. Sumeya, mlangoni, alikuwa mweupe kama chokaa. "Mama, hapana, siwezi," alianza, lakini Fuadi alikuwa amekwishainua sanduku begani, kijana mtiifu kwa mama yake.

Ngazi ya chumba kile cha juu ilikuwa moja tu. Ilipita mlangoni kwa chumba cha Rukia.

Fuadi alifika mbele ya mkewe, akasimama. Tabasamu lilikuwa limemfungua uso wote. Tangu jana Rukia hakuwa ameliona.

"Umesema mbele ya watu jambo ambalo mimi nisingeweza kulisema hata kwenye shimo," alimnong'oneza. Kisha jicho lake likaangukia ukingo mweupe uliochungulia kwenye mkono wa buibui. "Kumbe iko kwako! Na ulinigombeza bure? Nivalishe basi, jua limenikaanga."

Aliinamisha kichwa. Rukia aliitoa kofia, akamvalisha mumewe mbele ya Kismayo nzima, akainyoosha pale kwenye paji la uso kama alivyofanya siku ya harusi. Watu wakashangilia.

Fuadi aliinuka. Akavuta pumzi. Tabasamu likapungua kidogo, akavuta tena.

"Mbona inanukia udi?" aliuliza. "Huu si udi wako, Rukia. Kofia ilikuwa kwa nani?"

Nyuma yake, hatua moja tu, Sumeya, aliyekuwa amelifuata sanduku lake, aliubana mkoba kwapani.